Mwanangu ana miaka 8 na miezi mitano, kifua kimeshaanza. Ni kwa sababu nilimwacha mdogo?

MamaNasra_Mbagala

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisome mpaka mwisho maana leo siku ya tatu silali na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Binti yangu ana miaka 8 na miezi mitano. Jumamosi namwogesha, napitisha dodoki kifuani akaruka akasema mama hapo panauma. Nikagusa, chini ya chuchu ya kushoto kuna kitu kigumu kama punje ya choroko, kulia hamna kitu. Nikajua uvimbe. Nikamuita jirani yangu mtu mzima, akagusa akaniangalia usoni akasema huyu anaota matiti huyu. Miaka minane jamani, mtoto bado anang'oa meno.

Sasa kinachoninyima usingizi sio hicho peke yake. Huyu mtoto nilimwacha akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Baba yake alikuwa ameshaondoka zamani, nikapata nafasi ya kwenda Muscat kazi za ndani, nikamwachisha ziwa wiki moja kabla ya safari nikamwacha kwa mama yangu Muheza. Mkataba ulikuwa miaka 2, nikaongeza, nikarudi ana miaka mitano kasoro. Siku naingia akajificha nyuma ya bibi yake, bibi anamwambia msalimie mama yako, akaniambia shikamoo anti. Mwezi huohuo nikamchukua nikaja nae Dar, alilia kuanzia Muheza mpaka Chalinze akapitiwa na usingizi, alipoamka akauliza bibi yuko wapi akaanza upya.

Tangu hapo ni mtoto mtiifu mno, hata walimu wanamsifu, lakini mlango ukigongwa usiku anashtuka mpaka anatetemeka. Mwaka juzi nikaolewa, mume wangu ni mtu mpole na anamsomesha vizuri.

Juzi kwenye redio kuna mama alikuwa anaeleza kwamba watoto waliokosa kushikamana na wazazi wao wakiwa wadogo wanabalehe mapema. Nilikuwa nachambua mchele nikaacha. Yaani ile pesa niliyokuwa natuma kila mwezi imemzeesha mwanangu? Naomba mnaojua mniambie ukweli, msinipake mafuta. Ni kweli hii kitu? Na kama ni kweli kuna cha kurekebisha au ndo basi tena?

Kijana wa Tandika

Pole dada. Mi naona ni hawa kuku wa kisasa, wanachomwa masindano wakue haraka alafu watoto wetu wanakula homoni. Mpe kuku wa kienyeji na maharage utaona tofauti.

nesi_wa_zamu

Pole sana mama Nasra. Mi ni nesi wodi ya watoto, sio daktari, ila haya mambo nimeyasoma na nimeyaona kwa macho.

Kwanza kabisa hicho kidonge usikikande na maji ya moto, usikiminye, na asitokee mtu wa kukichana akidhani jipu au uvimbe. Hicho ndo kitako cha titi, ukikikata titi la upande huo halitaota maisha yake yote. Kuanza upande mmoja ni kawaida kabisa, mwingine unafuata baada ya miezi kadhaa.

Pili umri. Kitabibu kwa msichana tunasema balehe ya mapema kupita kiasi ikianza kabla ya miaka 8, kwa mvulana kabla ya miaka 9. Wako ana 8 na miezi mitano kwa hiyo yuko mwanzoni mwa mstari, sio nje ya mstari. Na matiti kuchomoza sio kuvunja ungo, kati ya hapo na damu ya kwanza kwa kawaida ni kama miaka 2 hadi 2 na nusu, na wanaoanza mapema mara nyingi safari yao inakuwa ndefu zaidi. Hata hivyo mpeleke hospitali yenye daktari wa watoto, watampiga picha ya mkono wa kushoto waone umri wa mifupa, watapima urefu wake leo na kumwambia arudi ili waone anakimbia kwa kasi gani, wakiona haja watatoa damu wapime homoni. Ikionekana anakimbia mno kuna sindano za kusimamisha balehe kwa muda, sio kila mtoto anazihitaji. Kama ukikumbuka dalili yoyote iliyoanza kabla hajafika miaka 8, waambie.

Ndugu wa Tandika, kuku wa kisasa anakua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa miaka na miaka na chakula anacholishwa, sio sindano ya homoni. Kinachohesabika kwenye chakula ni unene wa mtoto. Mafuta ya mwilini yanatoa homoni inaitwa leptini ambayo inauambia ubongo kwamba akiba ipo, mwili huu unaweza kubeba jukumu. Ubongo ukiridhika unaanza kutoa homoni zake kwa mapigo, usiku mtoto akiwa amelala, zinakwenda kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, tezi inaamsha ovari, yaani mifuko ya mayai, ovari zinatoa estrojeni, homoni ya kike, na hapo ndo unaona kifua.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, ina msingi wa kweli, ila redioni huwa wanaikata kichwa na miguu. Mwaka 1991 Jay Belsky na wenzake wawili walileta wazo kwamba mtoto katika miaka yake ya mwanzo anasoma dunia aliyozaliwa ikoje, watu wanaaminika au hawaaminiki, kesho ipo au haipo, na akisoma kwamba dunia ni ya mashaka mwili wake unaharakisha kukomaa ili uwahi kuzaa kabla mambo hayajaharibika. Lilikuwa wazo tu, watu wakaanza kulipima. Mwaka 2010 Belsky na wengine wakatoa majibu ya wasichana 373 wa Marekani waliofuatiliwa tangu uchanga. Walipokuwa na miezi 15 waliwekwa chumbani na mama, mama anatoka, anarudi, wanaangalia mtoto anampokeaje, anamkimbilia akatulia au anamkwepa au analia hatulii. Wale ambao hawakuwa na utulivu na mama zao walibalehe mapema kuliko wenzao. Hata panya, maabara ya Michael Meaney kule Montreal waliona panya jike aliyelelewa na mama asiyemlamba sana anakomaa mapema kuliko yule wa mama anayelamba.

Lakini mama Nasra nisikilize hapa. Kwenye tafiti hizi tofauti kati ya makundi ni ya miezi, sio kwamba mtoto wa kuvunja ungo na miaka 13 anavunja na 9. Na kinachopimwa ni kama mtoto alikuwa na mtu wake wa kumkimbilia, huyo mtu sio lazima awe aliyemzaa. Mwanao miezi hiyohiyo alikuwa mgongoni kwa bibi yake. Kwa hiyo sikubaliani na mtu atakayekwambia ni pesa yako ya Muscat.

mwalimu_bayo_Kilifi

Dadangu pole. Nafundisha bayolojia sekondari huku Kilifi na ningependa kuongeza jambo ambalo watu hulisahau wakishaanza kulaumu wazazi. Wewe mwenyewe ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi? Na mamako je? Manake umri wa balehe kwa sehemu kubwa huwa ni wa kurithi, mama na binti hufuatana.

Na hapo ndipo ubishi wote ulipo. Mama aliyebalehe mapema aghalabu huzaa mapema, na akizaa mapema ndoa nyingi hazidumu, sasa binti yake akibalehe mapema utasema ni kwa sababu baba hayupo ama ni kwa sababu ya damu ya mamake? Mwaka 2006 Jane Mendle na wenzake waliangalia mabinti wa akina mama ambao ni mapacha, yaani mabinamu, mmoja analelewa na baba wa kambo mwingine hapana, na tofauti haikuonekana. Halafu 2008 Tither na Ellis wakachukua dada wawili tumbo moja ambao wazazi walitengana, dada mdogo akiwa amekaa bila baba miaka mingi kuliko mkubwa, wakaona mdogo huwahi kuvunja ungo, hasa pale baba alikuwa mtu wa vurugu. Hao ni ndugu, hapo urithi peke yake hautoshi kueleza. Kwa hiyo mimi nasema yote mawili yapo, tena lishe iko juu yao. Norwe karne ya 19 wasichana walikuwa wanavunja ungo na miaka 16 hivi, miaka mia moja baadaye ikawa 13, na si kwamba wazazi wa huko waliacha kupenda watoto, ni chakula na magonjwa kupungua.

Na wakati mwingine hesabu hugeuka kabisa. Wakati wa vita vya Kroatia mji wa Šibenik wasichana walichelewa badala ya kuwahi. Rebecca Sear na wenzake mwaka 2019 walikusanya tafiti za nchi nyingi, hili la baba kutokuwepo huonekana Ulaya na Marekani, ukija nchi za kipato cha chini majibu yamechanganyika hayafuati mstari mmoja. Ndiyo sababu hunikera mtu akichukua utafiti wa watoto wa Marekani akamwangushia nao mama wa Mbagala kichwani.

MamaNasra_Mbagala

Asanteni jamani Mungu awalipe. Mwalimu umeniuliza swali ambalo hata sikuwahi kulifikiria. Mimi nilivunja ungo darasa la tano, nakumbuka maana niliwekwa ndani siku saba shule ikanipita mitihani. Mama yangu nimempigia leo hii nikamuuliza, akacheka kwanza, akasema yeye alikuwa wa kwanza kati ya wenzake wote pale kijijini. Kumbe. Hilo limeniondolea nusu ya mzigo. Nusu nyingine bado ipo.

Anti_wa_Tampere

Mama Nasra mi mwenyeji wa Korogwe ila niko Ufini mwaka wa tisa, nafanya kazi nyumba ya wazee. Nimesoma ulivyoandika hilo la shikamoo anti nikalia kwenye basi.

Huku kuna wazee wanaitwa watoto wa vita. Wakati wa vita kuu ya pili Ufini ilisafirisha watoto kama 70,000, wengi Sweden na wengine Denmark, wanapandishwa treni na meli wakiwa na kikaratasi cha jina shingoni, bila mama bila baba, wakalelewe na familia wasizozijua mpaka vita viishe. Walipelekwa kwa nia njema kabisa, wapate chakula wasipigwe mabomu. Watafiti wa Helsinki, Pesonen na wenzake, mwaka 2008 walilinganisha waliopelekwa na waliobaki, wote wakiwa wazee, wakakuta wanawake waliotenganishwa na wazazi walivunja ungo mapema na wakazaa watoto wengi zaidi. Kwa hiyo kutengana kunaacha alama hata kama kule ulikopelekwa ulishiba.

Ila nataka nikwambie nilichokisikia kwa masikio yangu kwa hawa wazee, maana hicho hakiko kwenye hesabu. Wengi hawalii kwa sababu ya kupelekwa, walikuwa wadogo hawakumbuki. Wanachokumbuka ni kurudishwa. Walikuwa wameshamsahau mama mzazi, Kifini kimepotea wanaongea Kiswidi tu, wanatolewa kwa mama waliyemzoea wanakabidhiwa kwa mwanamke wasiyeelewa hata anachosema, na yule mwanamke nae anangoja akumbatiwe. Bibi mmoja huniambia mama yangu alinipoteza mara moja, mimi nilipoteza mama mara mbili.

Sasa dada yangu, wewe unahesabu siku uliyopanda ndege. Mtoto wako ana miezi 14 siku ile, analo analokumbuka? Siku yake yeye ni ile ya basi, Muheza mpaka Chalinze. Tangu umemchukua amemuona bibi yake mara ngapi?

MamaNasra_Mbagala

Mara mbili. Msiba wa babu na Eid moja. Nilikuwa naogopa akienda hatataka kurudi kwangu.

Bi Mwanahawa

Mwanangu mama Nasra, mimi nimeshakuwa somo wa wasichana wengi sana, nimewaweka ndani nimewatoa. Nina jambo la kukuambia na usinikasirikie. Hawa wasomi wamekueleza ya homoni na ya Ulaya na nimewaelewa. Mimi nauliza mlango. Umesema mlango ukigongwa usiku mtoto anatetemeka. Mtoto hatetemeki mlango bure. Sisemi mumeo, simjui na wala simtuhumu mtu, lakini mlango ule una historia, na wewe mama yake huijui maana hukuwepo. Kaa nae. Usimkalishe kitako umhoji kama polisi, msuke nywele. Mtoto akiwa amekupa kisogo unamsuka anasema mambo ambayo uso kwa uso hasemi.

Jingine, mueleze mwili wake mapema kabla hajaelezwa na wa mitaani. Zamani tulingoja mpaka damu itoke ndo tunamwita somo, siku hizi hakuna kungoja. Mfunze kuwa huyu anaruhusiwa kukugusa hapa kwa sababu hii na huyu haruhusiwi, kwa maneno wazi. Mwili wake utaonekana wa miaka 12 na akili ni ya miaka 9, na wanaume wataangalia mwili.

nesi_wa_zamu

Bi Mwanahawa shikamoo, umesema nililokuwa nazungukazunguka nikaogopa kumwongezea mama Nasra wasiwasi. Mwaka 2020 kuna uchambuzi ulikusanya tafiti nyingi ukatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, kunyimwa na kutishiwa. Mtoto aliyekosa vitu au kukosa uangalizi, hapo uhusiano na balehe ya mapema haukuonekana. Mtoto aliyeishi na kipigo, ukatili, hofu, hapo ndo ulionekana. Na wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, kikundi kimoja kilichofuatiliwa miaka mingi Marekani, walianza kuota matiti takribani miezi 8 kabla ya wenzao na vinyweleo vya sehemu za siri mwaka mzima kabla. Sisemi wako kafanyiwa hivyo, wengi wanaowahi hawajafanyiwa chochote. Nasema mwili unahesabu hofu kuliko unavyohesabu ufukara, na ndio maana swali la mlango ni swali la msingi kuliko la kuku na kuliko la Muscat. Ukisikia lolote la kukutisha kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na dawati la jinsia na watoto polisi. Na kwa daktari usiliache nyumbani, lisemwe.

MamaNasra_Mbagala

Wapendwa nimerudi na mrejesho, zimepita wiki tatu.

Hospitali tumekwenda. Picha ya mkono umri wa mifupa umetangulia kidogo, daktari amesema sio wa kutisha, damu hajachukua kwanza, amempima urefu na uzito akaandika, turudi baada ya miezi mitatu waone kasi. Amenisifu kwa kutokikanda, kumbe juzi tu alimpokea mtoto aliyeunguzwa kifua na bibi yake kwa kanga iliyochovywa maji ya moto.

La mlango. Nilimsuka twende kilioni jioni, nikamwambia mimi nilipokuwa mdogo naogopa giza, wewe unaogopa nini. Akanyamaza nikasuka mistari minne mizima. Alafu akasema anko akija amelewa. Kaka yangu mimi, tumbo moja, alikuwa anarudi usiku pale Muheza anapiga mlango mateke, akifunguliwa anampiga mama yangu mbele ya mtoto, na bibi alikuwa anamsukumia mtoto chini ya kitanda anamwambia usitoe sauti. Miaka yote ile. Mama hakuniambia hata siku moja kwenye simu, alikuwa ananiambia mtoto mzima tu usijali, fanya kazi. Nimemuuliza kwa utaratibu sana kama anko alimgusa, amesema hapana, na nimemuuliza tena siku nyingine kwa njia nyingine akasema hapana, daktari nae kaongea nae peke yake. Tunaendelea kufuatilia.

Kwa hiyo mimi nilijilaumu kwa jambo moja, kumbe lililomtesa ni jingine kabisa. Sijui nilie au nishukuru. Kaka yangu ameshaambiwa na wazee hakanyagi tena pale.

Mama yangu amekuja Dar tangu Jumapili. Tulikwenda kumpokea stendi, Nasra akamuona anashuka akakimbia katikati ya mabasi mpaka kondakta akapiga kelele. Sasa hivi wamelala kitanda kimoja, na mi sikuona wivu niliodhani nitauona. Mlango wa chumba chao nimebadilisha komeo, limefungwa kwa ndani, ufunguo analala nao yeye mtoto.

Mwezi wa pili tunarudi kwa daktari, ntawaletea majibu ya kipimo.